Theluji Haina Mwenyewe

Nimechoka na insha zetu za ughaibuni zinazoanza na baridi. Mnazijua. Mwandishi anashuka kwenye ndege mwezi wa Januari na koti la Mchikichini, mlango unafunguka, upepo unamzaba kofi, anamkumbuka mama yake. Ukurasa wa pili theluji imeshakuwa upweke. Ukurasa wa tatu imekuwa ubaguzi. Ukurasa wa mwisho imekuwa sanda. Na mwandishi mwenyewe, ukimsoma vizuri, hajatoka nje hata mara moja. Theluji yote ameionea dirishani, kikombe cha chai mkononi.

Sisemi anadanganya. Upweke upo na ubaguzi upo, na mie vyote viwili vimenikuta. Ninachosema ni kwamba lugha inayoitazama nchi kwa dirishani haiwezi kuishi ndani yake. Watoto wetu wamezaliwa huku. Tukiendelea kuwaandikia kwamba theluji ni ya wenyewe na sisi ni wapita njia, tusishangae siku wakiacha kutusoma.

Basi leo nataka ugomvi kidogo, na mfano nitakaoutumia ni mimi mwenyewe. Huwa nalala kwenye machela, msituni, kaskazini ya Minnesota, theluji ikiwa imefika magotini. Nafanya hivyo kwa kupenda, na kwa vifaa ambavyo vingi nimevitoa duka la mitumba. Najua mnacheka. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Tuanze na neno lenyewe. Ukimtajia mzee wa Tanga machela, hafikirii mapumziko. Anakumbuka aliyoyasikia kwa baba yake: kitambaa kimening'inizwa kwenye mti mrefu, mtu mbele, mtu nyuma, na katikati amejinyoosha bwana mkubwa wa serikali au mmisionari mwenye homa. Sisi tulikuwa mabega. Ndiyo maana shangazi yangu, nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na anayekubeba nani?"

Hakuna anayenibeba, shangazi. Miti miwili ndiyo inayonibeba.

Wapo wanaosema huko ni kuiga wazungu. Hili la kuiga ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halina hata historia nyuma yake. Kitanda cha kuning'inia hakikubuniwa na wazungu. Wataino wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilala humo kabla Columbus hajawafikia mwaka 1492, na jina lenyewe, hamaca, Wahispania walilichukua kwao. Mabaharia wa Ulaya wakaona ni kitu cha maana, wakakiingiza melini. Kwa hiyo nikiambiwa naiga, nauliza: namwiga nani? Mzungu aliyemwiga Mtaino?

Na kamba je? Baba yangu alikata mkonge miaka mingi kwenye shamba moja la Tanga. Mkonge asili yake ni Mexico, na uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida. Sisi tukaupanda, tukaukata, ukatuchoma mikono, ukatusomesha. Leo ukisema Tanga mtu anajibu mkonge. Sijapata kusikia mtu akimwambia baba kwamba anaiga Wamexico. Kitu kikishapita mikononi mwako kwa jasho kinakuwa chako, na theluji mimi naikoboa mlangoni kwangu kwa koleo mwaka wa 11 sasa. Naamini nimeshalipa.

Tena theluji si ngeni kwa Kiswahili kama tunavyojifanya. Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro kwa mbali, akamuuliza kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri, ule weupe kule juu ni nini. Jibu alilolipata, na akaliandika, ni neno letu: baridi. Habari zilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia aitwaye Desborough Cooley akazikataa. Aliketi kwenye kiti chake akaandika kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Nani alikuwa dirishani hapo? Aliyekuwa Afrika aliiona na akaipa jina, na msomi wa Ulaya akabisha. Leo tumebadilishana viti. Sisi ndio tumekaa ndani, tunaieleza theluji bila kuigusa.

Haya, sasa nigeukie upande wa pili, maana nina ugomvi na wawili.

Mwaka wangu wa kwanza wa kujaribu niliingia duka moja kubwa la vifaa vya msituni. Nilimwambia kijana wa pale nataka vitu vya kawaida tu, vya kulalia nje wakati wa baridi. Alifurahi mno. Akanionyesha kitambaa kilicho chepesi kama pumzi. Akanionyesha mfarishi wa manyoya ya bata unaofungwa chini ya machela, na mwingine wa kujifunika, na turubai lenye milango, na jiko dogo kuliko ngumi yangu. Kila kitu alikiita rahisi. Alipojumlisha, ikawa zaidi ya dola 1,100. Mimi ni dereva wa basi la shule. Nikamshukuru, nikanunua kiberiti, nikatoka.

Huo ndio urahisi wao. Kuna biashara nzima, na maandishi mengi nyuma yake, inayomwambia mtu arudi kwenye maisha mepesi, halafu inamuuzia wepesi huo kwa gramu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huu unajitembeza kila ukurasa. Hata Thoreau, mzee wao wa mambo haya, alikuwa mkweli kuliko hawa. Alipojenga kibanda chake pale Walden mwaka 1845 aliorodhesha gharama zake msumari kwa msumari, zikafika dola 28 na senti 12 na nusu, akazichapisha watu wazione. Ila na yeye kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, Emerson. Kila penye maisha mepesi, uliza kwanza nani mwenye kiwanja.

Na kwa kuwa nimelitaja, niliseme kabisa. Nasema theluji haina mwenyewe. Ardhi ninayoning'inia juu yake wenyewe wapo. Ni Waojibwe, ambao pwani hii ya Ziwa Superior ilitoka mikononi mwao kwa mkataba wa La Pointe wa mwaka 1854, huku wakibakiza haki ya kuwinda na kuvua. Mimi ni mgeni wa mgeni. Mgeni wa mgeni hana haki ya kuringa, lakini hakatazwi kulala.

Sasa niwaeleze inavyokuwa, kwa sababu nimegundua wanaobishana nami hawajui hata linalobishaniwa.

Usiku wa kwanza nilishindwa. Ilikuwa nyuzi 10 tu chini ya sifuri, na nilikuwa na mfuko mzuri wa kulalia pamoja na mablanketi mawili. Nilijiona tajiri. Saa nane za usiku mgongo ulikuwa umekufa ganzi, meno yanagongana, na mbele na ubavuni nina joto kabisa. Sikuelewa. Nilitoka, nikatembea hadi kwenye gari, nikawasha moto wa gari nikakaa humo mpaka asubuhi, nikiwa na hasira kama mtu aliyeibiwa.

Nilikuwa nimeibiwa kweli, na mwizi ni hewa. Blanketi halina joto lake. Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote, linabaki kama karatasi. Ukilala chini, angalau ardhi haitembei. Kwenye machela upepo unapita chini yako usiku kucha, unachota joto la mgongo na kwenda zake. Ndiyo siri yote hiyo. Baridi ya machela inatoka chini. Ukilijua hilo, dola 1,100 zinaanza kupungua.

Kinachotakiwa chini ya mgongo ni kitu kisichokamulika. Mie natumia vipande viwili vya sponji ngumu ya buluu, ile ya kufanyia mazoezi, kimoja cha mwili mzima na kingine nimekikata mabawa nikakipitisha mabegani, maana machela inakubana mabega na hapo ndipo baridi inapoanzia. Chini ya sponji naweka lile karatasi la kung'aa ambalo watu huweka kwenye kioo cha gari kuzuia jua. Juu ni sweta na blanketi za sufu za mitumba. Hapa nilicheka mwenyewe siku ya kwanza: nguo hizi hizi Marekani huzifunga marobota zikafika Tanga, na sisi tukazinunua barabarani. Nimekuja kuzinunulia chanzoni. Sufu, jamani, si pamba. Pamba ikishalowa jasho inakunyonya joto mpaka inakuua. Sufu hata ikilowa bado inajitahidi.

Mengine ni akili na mikono. Usitumie kamba nyembamba, inakata gome la mti. Tumia mikanda mipana. Usiikaze machela ikawa kama ngoma. Iache ilegee, mkanda ushuke kwa pembe ya kama nyuzi 30, kisha lala mshazari, miguu upande mmoja na kichwa upande mwingine, utaona mgongo unanyooka. Kwenye theluji mambo hayashiki kigingi, kwa hiyo kamba za turubai zifunge kwenye vijiti, vizike vijiti vikiwa vimelala, kanyagia, subiri kidogo. Theluji itashikana kama saruji. Chemsha maji, tia kwenye chupa isiyovuja, ivishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Chupa ya maji ya kunywa ilaze kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na asubuhi mdomo wa chupa utakuwa wazi. Kula kitu cha mafuta kabla ya kulala. Mimi huwa na karanga na chapati. Mkojo usiubane hata kama unaona uvivu kutoka. Usiingize pua na mdomo ndani ya mfuko, pumzi yako itakuwa maji na maji yatakuwa barafu. Na jiko usiliwashe ndani ya turubai lililofungwa kila upande. Moshi usioonekana umeua watu wengi.

Januari hii nimelala nyuzi 19 chini ya sifuri na sikuamka mpaka ndege wa kwanza. Gari lilikuwa dakika 10 kutoka nilipo, kama siku zote, na mke wangu alijua ni mti gani. Huo si woga. Huku si mahali pa kujisifu. Mji wa Tower, ulio kaskazini yangu, ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Jack London ana hadithi ya mwaka 1908 ya mtu aliyekufa kule Yukon kwa sababu aliwasha moto chini ya mti wenye mzigo wa theluji, ukamwangukia ukazima. Wanaoisoma darasani wanazungumzia hatima na maumbile. Mie nilipoisoma nilijifunza kuangalia juu kabla sijafunga mkanda.

Sasa nifike kwenye hoja moja tu iliyowahi kuninyamazisha.

Nina rafiki hapa mjini, Mkongo, tunasali pamoja. Alikaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka 16. Nilimwalika twende wote. Aliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtoto. Akasema, "Ndugu yangu, mimi turubai nimelilala. Watoto wangu wawili walizaliwa chini yake. Sikuvuka bahari nije nilipie mafuta ya gari nikalale tena chini ya turubai."

Sina jibu la hilo na sitatunga. Mtu aliyelala nje kwa kulazimishwa hadaiwi na mtu yeyote kulala nje kwa kupenda. Akinicheka ana haki, na insha yangu yote hii haimhusu yeye. Inawahusu wanaomnukuu bila kuwa yeye: sisi tuliokuja na viza za masomo, tuliolala kitandani maisha yetu yote, tunaojifunika mateso ya wenzetu ili tusitoke nje.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Wiki iliyofuata alikuja kwangu kula, akaliona turubai langu limetandazwa sebuleni, tundu moja la pembeni limechanika. Nilikuwa natafuta pa kununua jipya. Akaomba jiwe. Nikatoka nikamletea kokoto kubwa kama limau. Akaiweka kwenye kona ya turubai, akaikunja ndani kama mtu anayefunga ubani, akazungusha kamba shingoni mwa lile fundo, akakaza. Akavuta kwa nguvu zake zote. Haikutoka. "Hivi ndivyo," akasema. "Huku mnatupa turubai kwa ajili ya tundu?" Kisha akanionyesha namna ya kulilaza upande wa upepo ili lisipige kelele usiku. Yule kijana wa dukani hakunifundisha hata moja kati ya haya.

Hapo ndipo nilipojua ninagombana na nini hasa. Ujuzi wa kuishi na vitu vichache upo, na wenye nao wanajulikana. Ni wakimbizi. Ni walinzi wa usiku wa Dar es Salaam na boksi lao la kukalia. Ni wapagazi wa Kilimanjaro wanaopandisha mizigo ya watalii hadi kambi ya Barafu, na wengine wao wamevaa vilivyoachwa na watalii hao. Kanuni inasema mzigo usizidi kilo 20, na lazima kanuni iwepo kwa sababu bila kanuni ungezidi. Hawa ndio maprofesa wa vifaa vichache. Ila mwenye fedha akilala nje kwa vifaa vichache anaitwa msanii wa maisha, na asiye na fedha akilala nje anaitwa uchafu. Minneapolis, saa mbili na nusu tu kusini yangu, mahema ya wasio na makazi yamewahi kung'olewa hata wakati wa baridi. Turubai ni lile lile. Baridi ni ile ile. Tofauti ni nani ana ufunguo wa nyumba mfukoni.

Mimi ninao ufunguo, sikatai. Najua kesho asubuhi nitaoga maji ya moto. Kwa hiyo sitawaambia kwamba kule msituni nakuwa masikini, au mtu safi, au nimekutana na nafsi yangu. Nawaachia wenye duka maneno hayo. Ninachopata ni kidogo na ni cha kweli: najua jinsi joto la mwili wangu linavyoondoka na jinsi ya kulizuia. Basi langu likizima njiani mwezi wa Januari na watoto 40 ndani, ujuzi huo si mchezo. Nawajua watu wetu wenye vyeti vikubwa ambao gari likiharibika kwenye baridi hawajui waanzie wapi, kwa sababu waliambiwa baridi si yao.

Na nyie wenzangu mnaoandika, hili ni lenu. Sisi watu wa pwani tuna kaskazi na kusi, tuna matlai na umande, tuna bamvua na maji mafu. Bahari tumeitafuna mpaka ikatoa majina yote hayo, kwa sababu tulitoka tukaingia ndani yake, ikatulisha na ikatuzamisha. Kwa theluji tuna neno moja, tunalitumia kulia. Mie nimeshaanza kuongeza nyumbani kwangu. Tuna theluji ya unga, isiyoshikana hata uifinye. Tuna theluji ya ganda, inayokubali mguu kisha inakusaliti. Tuna theluji ya chumvi, ya mwezi wa tatu, iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku. Binti yangu wa miaka minane hunisahihisha. Juzi alisimama mlangoni, akaikanyaga kwa kisigino, akasikiliza, akaniambia kwa Kiswahili, "Baba, hii si ganda bado. Hii itashika kijiti."

Alikuwa sahihi. Jumamosi tunakwenda wote, machela mbili, na kokoto tumeshaokota.